Jina Langu Kwenye Vibao vya Riziki

Jumapili baada ya ibada mama zenu hunishika mkono wa koti na kunisukumia mmoja wenu. "Papa Riziki, mtoto huyu anachora tangu yuko darasa la pili. Mwambie asome nini, diploma au digrii?" Kisha mama anakwenda kusalimiana na watu, nami nabaki na kijana mrefu anayetazama viatu vyake. Mnadhani najua kwa sababu binti yangu Riziki alisomea grafiki, na kwa sababu mimi mwenyewe nimeandika vibao vya maduka katika mji huu wa Johannesburg mpaka magoti yakagoma kupanda ngazi. Najua kidogo. Nikiwajibu kwa ufupi nitawadanganya, nikiwajibu kwa urefu nitajiaibisha. Nimepima mara mbili, kama nilivyozoea, nikaona heri aibu. Kaeni.

Nianze na kazi yenyewe, maana huko siogopi mtu.

Kibao ni nafasi kabla hakijawa herufi. Mteja anakuja na maneno mengi na ubao mdogo, na kazi yako ni kuvipatanisha. Hesabu herufi zote, hesabu na mapengo kati ya maneno, kisha hesabu tena ukianzia nyuma, kwa sababu jicho likianzia mbele huruka yale linayodhani linayajua. Tafuta katikati, anzia hapo, uende kulia na kushoto. I ni maskini, haidai kitu. W ni mlafi, inakula sahani ya watu wawili. Asiyelijua hilo ubao humwishia kabla ya maneno.

Mimi uliniishia. Kanisa moja la Rosettenville lilitaka jina lake lote juu ya mlango wa jengo lililokuwa gereji, na mchungaji wake alikuwa na vyeo virefu kuliko gereji. Mvua ilikuwa inakuja, nikaanzia kushoto kwa haraka kama mwanafunzi. Nilipofika kwenye jina lake, ukuta umekwisha. Nikamshukia taratibu.

"Mchungaji, tukiondoa 'Mtume' tukabakiza 'Nabii', Mungu atashindwa kukutambua?"

"Mungu atanitambua, Papa. Wasiwasi wangu ni waumini."

Tukapatana: Mtume akabaki, Nabii akaenda. Ndivyo nilivyo. Sijawahi kuona kitu ambacho hakipunguzwi kwa maneno. Kliniki niliwahi kumwomba nesi sindano mbili ziwe moja, na yule mama alikaribia kukubali. Msicheke sana, kwa sababu tabia hiyo hiyo ndiyo tutakayokutana nayo mbele, na huko haichekeshi.

Kuandika nilifundishwa Uvira, kwetu Kongo, kwa patron Kalonda. Patron ndivyo tulivyomwita mwenye karakana ya kuchora. Nilianza kwake kwa kuosha brashi, nikapanda cheo nikawa najaza rangi ndani ya herufi alizozichora yeye, halafu nikawa nachora mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Lakini kila kilichotoka mlangoni mwake kilikuwa na jina lake kwenye kona ya chini, upande wa kulia: Kalonda. Hata kile ambacho hakukigusa. Hata kile kilichochorwa yeye akiwa amelala mkekani, akikoroma. Hatukuona ubaya. Jina lilikuwa la nyumba, kama paa. Wanaolala chini ya paa hawaulizani ni la nani. Siku niliyoaga alinipa mkono, akaniambia, "Haya, nenda ukatafute kona yako."

Nikaitafuta mpaka hapa Johannesburg, mtaa wa Malvern, Jules Street, nyuma ya duka la matairi. Hapo nikaanza kuandika kwenye kona: Byamungu.

Mwaka 2008, ule wa vurugu dhidi yetu sisi wageni, kazi yangu kwa majuma kadhaa ilikuwa kufuta. Saluni iliyoitwa Bukavu ikabaki saluni tu. Fundi cherehani mmoja wa Kirundi, aliyejiita Mtanashati wa Gitega, alikuja akiangalia nyuma yake, akaomba niandike "Tailor", neno moja, kubwa, basi. Nilipaka rangi nyeupe juu ya miji yetu yote. Kitu kimoja sikukigusa, nacho ni jina langu kwenye kona. Mke wangu alinisihi nalo pia nilifute. Nikamwambia mtu anayekuja na rungu hainami kusoma kona. Nawaambia haya mjue jina lile dogo lilikuwa nini kwangu. Kila kitu kingine katika mji huu nilikuwa nimekiazima.

Riziki alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake. Ni mtoto wa hapa. Kiswahili chetu anakisikia chote, ila kukijibu anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu, kwa hiyo maneno yake mengi hapa nayaweka mimi kwa Kiswahili, na ninyi mtaniamini. Akitoka shule alikuja karakana akiwa bado na sare, akashika brashi. Mwaka wa Kombe la Dunia kila spaza, yaani kiduka cha mtaani, ilitaka bendera na mpira, na mikono yangu haikutosha. Hapo ndipo alipoacha kujaza herufi zangu akaanza kuchora zake.

Kombe likaisha, na jirani wa ng'ambo ya robot, ndivyo tunavyoita hapa taa za barabarani, akanunua mashine ya kukata stika. Unampa maneno asubuhi, mchana yameshabandikwa kwenye kioo, yamenyooka kama askari wa gwaride. Wateja wangu wakaanza kunisalimia kwa mbali. Wale mliozaliwa na kompyuta hamjui hofu ile. Nilisimama mlangoni kwangu nikitazama mlango wake, nikahesabu walioingia kwake, nikahesabu tena labda nimekosea.

Aliyeiokoa karakana ni Riziki. Mama Esperance, Mrundi mwenye saluni upande ule ule wa barabara, alitaka kibao kipya. Riziki akakaa mchana mzima saluni kwake akitazama wasusi, harudi. Alipokuja alichukua makaratasi magumu ya maboksi kutoka duka la matairi, akachora, akatupa, akachora, akatupa. Mwisho akatoa herufi ambazo kila moja ilikuwa imesukwa: nyuzi tatu zinapitana, moja juu, moja chini, na bado S ni S na L ni L, mtu aliye upande wa pili wa barabara anaisoma. Mashine ya jirani haikuweza kitu kile. Watu wakaanza kuja kutoka Joubert Park: "Tunataka zile herufi." Kinyozi akatengenezewa herufi zilizonyolewa pembeni. Fundi viatu akapata herufi zenye mshono.

Sasa nisikilizeni jinsi tulivyofanya. Riziki yuko juu ya ngazi, mimi nimeishika ngazi chini. Akimaliza, anashuka. Tunabadilishana. Mimi napanda, naandika Byamungu kwenye kona, nashuka.

Siku moja aliniuliza, "Papa, unapanda kufanya nini?"

"Kumalizia."

"Nimeshamaliza."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa mtoto.

Wateja nao wakanisifu. "Papa Riziki, mkono wako umerudi ujanani!" Nami nikajibu, "Eish, ni uzoefu," huku nasugua brashi. Na brashi zile nilizisugua kwa kitu gani? Kwa yale maboksi yake aliyoyatupa. Yalikuwa mazuri kwa kazi hiyo, magumu kidogo, yananyonya mafuta. Michoro yake yote ya majaribio, ile iliyoonyesha jinsi alivyoitafuta kila herufi mpaka akaipata, niliimaliza kwa kupangusia rangi.

Mwaka 2012 alikuwa anamaliza Matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, na chuo kikuu kimoja cha hapa mjini kikafungua milango siku ya Jumamosi ili wazazi waje kuuliza. Mimi kuuliza ndiyo kazi yangu. Nilivaa suti.

Hapo niwaeleze kosa ambalo ni sisi Wakongomani tu tunaoweza kulifanya. Kwetu ngazi ni moja: unasoma graduat kwanza, ukimaliza ndipo unapanda kwenye licence. Huwezi kuingia ya pili bila ya kwanza. Kwa hiyo niliposikia hapa kuna diploma na kuna digrii, nikajua moja kwa moja: diploma ndiyo chini, digrii ndiyo juu yake, mtoto aanze chini. Nilikuwa nimeshawashauri hivyo wazazi watatu wa kanisani, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuona chuo.

Meza zilikuwa mbili, ya diploma na ya digrii, zimekaribiana, na nyuma yake alikaa mwalimu mmoja mwanamke mwenye nywele fupi za mvi na miwani iliyoning'inia kwa kamba. Nikaanza.

"Mama, huyu ataanza na hii, halafu hii. Lakini kwa kuwa ameshafanya kazi kwangu, mwaka wa kwanza tuuondoe."

"Baba, hizo si mbili za kufuatana," akasema. "Ni njia mbili. Anachagua moja."

"Zinakwenda mahali pamoja?"

"Zinakaribiana."

"Basi ipi fupi?"

Riziki alinivuta koti. Mwalimu akaeleza kwa subira, na kwa kuwa maelezo yale ni ya bure nawapa na ninyi kama nilivyoyasikia. Diploma ya pale ilikuwa ya vitendo zaidi: uchapaji, karatasi, rangi, programu za kompyuta, kupeleka kazi kiwandani irudi ilivyotakiwa. Digrii ilikuwa na vitendo pia, lakini nusu ya siku wanasoma na kuandika: historia ya usanifu, watu wanasomaje picha, kwa nini alama hii inaeleweka Durban na haieleweki Kisangani. Mwenye diploma akitaka kuendelea lipo daraja la kuvukia, refu kidogo. Mwenye digrii anaendelea moja kwa moja mpaka pumzi imwishie.

"Hiyo historia," nikasema, "mkiiondoa, digrii inapungua kiasi gani?"

Yule mama akacheka mpaka akavua miwani. "Baba, umefanya biashara wapi?"

"Jules Street."

"Nimejua."

Nikamgeukia Riziki nikamwambia kwa Kiswahili, "Chukua diploma. Mikono ndiyo inalisha." Akanijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hufanya mara chache, na polepole, akichagua neno kwa neno: "Papa, mikono ninayo. Nataka kujua kwa nini."

Kwa nini nini, sikuelewa. Lakini aliomba zote mbili, diploma ili mimi nitulie, digrii kwa ajili yake. Zote zilitaka mkusanyo wa kazi zake, vipande kumi, na kazi kubwa zipigwe picha. Nilifurahi. Nani mwingine mwenye vipande kumi vinavyoning'inia barabarani vikifanya kazi? Tukapita na kamera ya kuazima, tukapiga picha vibao vyake vilivyo bora, kuanzia saluni ya Mama Esperance. Kila picha nzuri. Na kila picha, chini kulia, kwa herufi zangu safi: Byamungu.

Nataka mniamini kwamba hata wakati tunazipanga juu ya meza ya kulia chakula, sikuliona jina lile kama tatizo. Nililiona kama paa.

Usaili wa diploma ulikwenda upesi: walimuuliza rangi gani inashika juu ya bati lenye kutu na unaandaaje ukuta wa saruji mbichi, akawajibu, wakampongeza. Usaili wa digrii ulikuwa siku nyingine. Watu watatu, na miongoni mwao yule mwalimu wa miwani ya kamba. Wazazi tulikaa kwenye korido. Nilikuwa namweleza baba mmoja wa Kizulu jinsi ya kuchagua brashi, mlango ukafunguka na yule mama akaniita. "Baba, tafadhali, dakika moja."

Ndani, picha zetu zilikuwa zimetandazwa. Riziki alikuwa ameketi wima, mikono chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu. Mwanamume mmoja wa lile jopo, mwembamba, mpole, akagusa kona ya picha kwa kalamu.

"Byamungu ni nani?"

"Ni mimi," nikasema, na nikasimama vizuri zaidi. Mwili una ujinga wake.

"Tumemuuliza binti yako nani alibuni kazi hizi. Amesema mlifanya pamoja. Tukamwomba michoro ya mwanzo, ya majaribio. Amesema haipo."

"Haipo," nikasema. Nani angetaja brashi mahali pale?

"Kwa hiyo tunakuuliza wewe. Hizi ni kazi za nani?"

Nikamtazama Riziki. Hakunitazama. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa ameshaulizwa swali lile, na kwamba alikuwa na jibu fupi, la kweli, lenye kumpa nafasi, na hakulitoa kwa sababu kulitoa kulikuwa kuwaambia wageni kwamba baba yake anaandika jina lake juu ya kazi ya mtoto. Alisema "pamoja" ili anifunike. Na mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema. "Zake." Kwa Kiingereza ni silabi moja tu.

Lakini mbele yangu walikuwa watu watatu wasomi, nami nimevaa suti, na jina langu liko mezani mara kumi. Ulimi wangu ukafanya ulichofanya maisha yake yote mahali ambapo mtu anataka kitu chote.

"Tuseme," nikasema, "nusu yangu, nusu yake."

Nawaapia, nilidhani nimetoa. Nilianzia kwenye zote, nikashuka mpaka nusu, na kwa mtu wa Jules Street kushuka nusu kwa neno la kwanza ni ukarimu mkubwa. Nikangoja wao nao wasogee.

Yule mwembamba akaandika kitu. Mwalimu wa miwani aliniangalia, hakucheka safari hii. "Asante, baba," akasema. "Hatuwezi kupima nusu."

Tukaondoka. Tulipofika kwenye robot ya karibu na nyumbani, nyekundu, nikamwambia, "Ungewaambia ukweli tu." Akasema kwa Kiingereza, akitazama mbele, "Walikuuliza wewe, Papa." Robot ikawa kijani.

Majibu yalikuja: diploma ndiyo, digrii hapana. Waliandika kwamba anaweza kuomba tena akiwa na kazi zinazoonyesha fikra zake mwenyewe. Mama yake alisoma, akasoma tena, akaniuliza, "Zake mwenyewe? Kwani hizi walidhani za nani?" Nikatoka nje kama mtu anayetafuta mtandao wa simu.

Kesho yake nilifanya kile ambacho mfanyabiashara hufanya akishapoteza: nikaanza kukusanya mashahidi. Niliingia kwa kila mteja nimwombe aandike mstari mmoja, kwamba kibao chake kilibuniwa na Riziki, niupeleke chuoni. Nilianza kwa Mama Esperance. Alikuwa anamsuka mtu, hakuacha.

"Nishuhudie nini, Papa Riziki? Mtaa mzima unajua."

"Unajua nini?"

"Eh! Mtoto anapiga kazi tangu asubuhi, baba ameshika ngazi. Mtoto akishuka, baba anapanda kutia saini. Tulidhani ni desturi ya Wakongomani."

Mteja aliyekuwa anasukwa akacheka, kichwa kikavutwa, akasema "Aii!" Wasusi wengine nao wakacheka, bila ubaya, kama watu wanaocheka jambo la siku nyingi. Nikasimama pale na karatasi yangu. Miaka yote ile niliyojibu "ni uzoefu," wao walikuwa wananisifu kwa adabu tu, kama unavyomsifu mzee kwa kofia.

"Basi kwa nini mliniambia mkono wangu umerudi ujanani?"

"Ulikuwa unafurahi," akasema Mama Esperance. "Nani anataka kumwondolea mtu furaha?"

Mistari waliiandika, wote. Kinyozi alijaribu kunibana nimpakie upya mlango kwanza ndipo aandike, na nilikubali bila kubishana, akashtuka, akaniuliza kama naumwa. Chuoni, karani wa ofisi ya maombi alinisikiliza vizuri, akasema uamuzi umeshapita, hakuna mahali pa kuyaweka makaratasi yale. Nikaanza kufungua mdomo kumpa bei ya kati. Nikaufunga.

Nikarudi na wazo lingine. Nilichukua kopo na brashi, nikabeba ngazi mpaka saluni, nipake juu ya jina langu niandike lake. Riziki akanikuta nimeshapanda ngazi mbili. "Shuka," akasema. "Ile rangi ya nyuma niliichanganya mwenyewe, hutaipata. Utaacha doa." Kisha akaishika ngazi mpaka nikafika chini. Lugha yake ilikuwa ya fundi, na alikuwa sahihi, ingeacha doa.

Ilibaki yeye kuchagua. Diploma ilikuwa mkononi. Digrii ilikuwa mwaka mzima wa kungoja, bila uhakika. Tulikaa, yeye, mama yake na mimi, na kwa mara ya kwanza akaniuliza bila kunivuta koti: "Papa, unasemaje?" Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nimeshahesabu miaka ya njia zote mbili, kwenda na kurudi. Lakini mtu aliyemfungia mtoto mlango hana haki ya kumshauri apite dirisha gani. Nikasema, "Sina neno." Mama yake akanigusa paji la uso kuona kama lina joto.

Riziki akasema, "Diploma si mbaya. Rafiki zangu wawili wanaingia. Lakini nikiingia sasa, nimeingia kwa vibao vyako." Akachagua kungoja, na akataka kufanya kazi karakana mwaka ule wa 2013 kwa sharti moja. Kilicho chake, kona ni yake. Michoro ya majaribio haigusi mtu. Nikasema, "Sharp." Ndilo sharti la kwanza maishani mwangu nililolikubali kama lilivyosemwa. Nilinunua matambara ya brashi.

Mwaka ule nilijifunza mambo ambayo patron Kalonda hakunifundisha, na haya ndiyo mama zenu wanayoyataka. Msiulize ipi kubwa, diploma au digrii. Nendeni mkaone kazi za wanaomaliza, ukutani, kwa macho yenu, mjiulize ni ipi inayowaumiza roho kwa kuwa hamkuifanya ninyi. Ulizeni daraja kati ya njia hizi lipo wapi na ni refu kiasi gani, kwa sababu vyuo hubadilisha madaraja bila kuwaaga. Kama mnapenda kitu kitoke kiwandani bila kosa, diploma haitawadharau. Nimeona waliosoma diploma wakiwaajiri wenye digrii. Kama mnasumbuliwa na swali, kama Riziki, nendeni mahali panapofuga maswali. Na tunzeni uchafu wenu: boksi lililofutwa, mstari uliokataliwa, S iliyoshindikana. Kitu kilichokamilika kinaweza kuwa cha yeyote. Kilichokosewa ni chako.

Na ninyi wazazi mnaosoma juu ya mabega ya watoto, mkiitwa ndani, jibuni kwa neno moja.

Riziki aliitwa tena kwenye usaili, chumba kile kile, yule mwembamba yuko, yule mama wa miwani yuko. Mimi sikwenda. Nilibaki karakana nikapanga makopo kwa rangi, kisha nikayapanga kwa ukubwa. Alichukua kazi za mwaka ule tu, na boksi zima la michoro yenye alama za viatu. Walimpokea kwenye digrii, mwaka 2014 akaanza. Lakini habari ya usaili wenyewe sikuipata mpaka majuma kadhaa baadaye, tukiwa mezani tunakula ugali na samaki wadogo, mama yake amekwenda kuchukua maji.

"Walikumbuka?" nikamuuliza.

"Walikumbuka. Yule mwalimu aliuliza, 'Na vile vibao kumi vya mwaka jana, ile saluni yenye herufi za kusuka, mbona hukuvileta? Vilikuwa vizuri.'"

"Ukasemaje?"

Akatoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Nikasema ni vya Papa."

Akaendelea kula. Nilizoea maisha yangu yote kupewa nusu ya ninachotaka na kwenda zangu nikiwa nimeridhika. Siku ile nilipewa chote, na sikuwa na pa kukiweka.